Jina la Norma kwenye Jiwe la Aldo

Wageni walifika juu ya kilima wakihema. Hakuna aliyejua tena wako upande gani wa makaburi. Walikuwa wanafuata tu mwavuli mwekundu wa Norma Bettini, ambao aliunyanyua hata siku zisizo na mvua.

"Pumzikeni," aliwaambia. "Wenyeji wa hapa hawana haraka."

Walicheka. Kila Jumamosi ya kiangazi watu hucheka hapohapo. Norma aliolewa katika mji huu wa machimbo ya mawe, jimbo la Vermont, Marekani, akafua vumbi la graniti kwenye nguo za mumewe, Aldo, maisha yote ya ndoa. Aldo alipokufa kwa kifua, kama wachonga mawe wengi wa rika lake, Norma alianza kutembeza watu makaburini. Alisema ni afadhali kuliko kucheza karata na wajane wenzake.

Alisimama kwenye jiwe lililochongwa majina mawili, moja limesuguliwa. Mahali pake palikuwa pamebonyea, kivuli kimelala ndani.

"Huku mke na mume wanachongwa pamoja," alisema. "Mmoja akitangulia, wa pili anawekewa jina, mwaka wa kuzaliwa, halafu kistari. Anasubiriwa. Mama huyu akaolewa tena, akataka jina lake lifutwe. Mnaona lilivyofutika? Mji mzima ulimsema mpaka ukachoka."

"Na lako liko wapi?" aliuliza mwanamume mwenye kofia ya majani.

"Liko safu ya chini!" Sauti ilitoka nyuma. Ilikuwa ya Assunta, dada wa marehemu Aldo, ambaye alifuata kila matembezi bila kualikwa ili amsahihishe wifi yake. "Kaka yangu alilichonga mwenyewe, kwa mkono wake. Siku hizi wifi hapitishi wageni huko. Muulizeni kwa nini."

Sababu yenyewe ilikuwa inamsubiri getini ndani ya gari: Everett Toomey, dereva wa lori mstaafu. Jioni hiyo Norma angeondoka naye kwenda jimbo la mbali la New Mexico, waoane na wakae huko. Mizigo ilikwisha kufungwa. Jambo moja tu lilikuwa halijaamuliwa, nalo ni lile jiwe.

"Haya, wifi," alisema Norma. "Twende."

Kwenye jiwe la safu ya chini, Aldo alikuwa amezungushia majina yote mawili majani ya mzabibu, membamba kiasi kwamba mgeni mmoja aliyagusa kuhakikisha ni jiwe.

"Utazikwa hapa au kwa dereva wako?" aliuliza Assunta. "Sema mbele za watu."

"Kwa dereva."

"Basi ufute. Fundi nimeshaongea naye."

"Sifuti."

"Ulale vitanda viwili? Huna haya?"

"Wifi, kaka yako amenikoromea miaka na miaka. Acha jina langu limsikilize kidogo, mimi nipumzike."

Mwenye kofia aliangua kicheko. Assunta alimkata jicho, kisha akainama kwenye jiwe na kupitisha kidole kwenye kistari kilichofuata mwaka wa kuzaliwa wa Norma.

"Mbona kirefu hivi?"

"Aliniambia mkono uliteleza."

"Mkono wa Aldo?" Assunta alikipima tena kwa kidole, taratibu, mwanzo hadi mwisho. "Mkono wa Aldo haukuteleza hata siku moja. Alikupimia miaka mingi."

Norma aliushusha mwavuli.

"Basi kiache," alisema Assunta hatimaye. "Lakini watu watauliza mwaka wa kufa uko wapi."

"Watauliza. Na wa kuwajibu ni wewe." Norma alimpa mwavuli. "Si kila siku unasema nakosea?"

"Unakosea kweli," alisema Assunta, akaupokea.

Norma aliteremka kuelekea getini, mikono mitupu. Everett alikuwa ameshawasha gari. Kule makaburini, mwavuli mwekundu ulinyanyuliwa, ukapinda, ukanyooshwa.

"Huyu hapa hajafa," sauti ya Assunta ilisikika, kali kama ya mtu anayegombana. "Amehamia New Mexico. Na wewe mwenye kofia, toka hapo, umemkanyaga kaka yangu."