Kigari cha Rimoti Kwenye Rundo la Mawe

Dereva ana vidole vinene kama mipini ya jembe, lakini hushika skrubu ndogo ambazo hata sisimizi angezitafutia miwani. Tangu lori lake lipinduke mlimani na kumlalia mdogo wake, hajagusa usukani. Anaunda kigari cha rimoti, mfano wa lori lile lile, anakijaza mchanga na kukipandisha rundo la mawe uani. Kikibiringika, hukipangusa kwa shati lake na kusema taratibu, "Mlima ule haupandiki." Hujifunika maneno hayo kama shuka. Kisha hukaza springi, hupanua magurudumu, hushusha betri chini ili uzito usikipindue.

"Baba, hiyo betri umeishusha weee, bado kuizika tu," mkewe humtania.

Leo akashusha na mzigo. Mchanga aliokuwa akiurundika juu, kama alivyorundika magunia siku ile, akautandaza chini. Kigari kikapanda jiwe kwa jiwe, kikafika kileleni, kikatulia. Mkewe akapiga makofi. Dereva akaketi vumbini, rimoti mapajani.

"Magunia niliyapanga mimi, mama," akasema. "Mdogo wangu alitaka tuyapunguze."

Makofi yakamfia mkewe mikononi.