Siku Mkwe Alipoitwa Kwenye Majani Mekundu

Tulikuwa watano. Mimi; binti yangu ninayekaa kwake; mtoto wake wa kike wa miaka kumi, yaani mjukuu wangu; jirani yetu Mkenya ambaye ni muuguzi, aliyetupeleka kwa gari lake; na mkwe mwenzangu, yaani mama aliyemzaa mume wa binti yangu. Huyo wa mwisho ndiye mwenye habari hii. Majina ya wote ninayo, na ya baba zao, na ya watoto wao waliokufa wadogo. Shule niliiacha nikiwa bado sijui kugawanya, lakini majina hayajawahi kunitoka. Hapa siyaandiki. Mkisoma mtaona kwa nini.

Mimi na Mkwe tulikua pamoja, kijiji kimoja cha mlimani juu ya ziwa, upande wa Congo. Tulisukana nywele, tuligombana, tuliibiana karanga. Baadaye mwanawe akamwoa binti yangu kule kwenye kambi ya wakimbizi, heshima ikaingia kati yetu. Kwetu wakwe hawatajani majina. Mimi namwita Mkwe, naye ananiita Mkwe. Binti yangu ndiyo kabisa: hata wakienda kwa daktari, jina la mama mkwe wake lazima mumewe alitaje, yeye halitamki.

Mimi nimekaa Sydney miaka mingi. Yeye alikuwa amefika juzijuzi tu, joto likiisha, kwa hiyo miti ilipoanza kugeuka rangi ilikuwa mara yake ya kwanza kuona. Nyuma ya maghala ya Smithfield kuna kijito, na kando ya kijito kuna njia ya saruji ya watu wa kutembea. Hapo walipanda safu ya miti ya kigeni, majani yake yana ncha tano kama kiganja, na matunda yake ni vitufe vyenye miiba vinavyopasuka ukivikanyaga. Miti ya asili ya huku inabaki na kijani chake cha vumbi mwaka mzima. Lakini ile ya kigeni, ukifika mwezi wa tano, inawaka. Mwekundu, wa njano, mwingine rangi ya ini. Mimi naipenda kweli. Kila mwaka naomba nipelekwe, na mwaka ule nikasema na Mkwe naye aone.

Ilikuwa Jumamosi, alasiri. Siku za kazi utasikia mashine za kubebea mizigo zikilia zinaporudi nyuma, lakini siku ile maghala yalikuwa yamefungwa na kila kitu kimya. Tukakaa kwenye benchi na chupa ya chai na mandazi. Mtoto akawa anarusha majani juu na kuyaacha yamwangukie. Mkwe hakukaa. Alikwenda kwenye mti mmoja, akakwaruza gome kwa ukucha, akanusa ukucha.

"Huu umekufa," akasema.

"Haujafa, Mkwe. Ni baridi tu. Utarudi."

"Na ule? Na ule pale? Safu nzima imekufa siku moja, na ninyi mmekuja kunywa chai chini yake."

Muuguzi akacheka. "Mama, huku watu wanalipa hadi hoteli waende kuona miti ikikufa hivi."

"Basi ni watu wa ajabu. Na huyo mtoto, mwambieni aache kujimwagia."

Binti yangu akamwambia aache. Mtoto akajibu kwa Kiingereza chake kwamba ni majani tu, Koko. Sisi bibi zake wote wawili anatuita Koko.

Muuguzi, ili abadilishe maneno, akasema kule chini karibu na maji ameona mnavu, ile mboga ya majani, umejiotea, wao Wakenya wanauita managu. Mkwe akakaza kitenge chake. "Afadhali. Acha mimi nitafute kilicho hai," akasema, akateremka. Kitenge chake kilikuwa chekundu. Nilimfuata kwa macho mpaka sikujua tena kipi ni kitenge na kipi ni majani.

Tukazungumza mambo ya kanisa, mambo ya bei za maduka ya Bankstown. Chai ilipopoa ndipo nikaona kwamba amekawia.

Tukaita. Binti yangu akaita "Mama", mtoto akaita "Koko", muuguzi akamwita kwa jina la mwanawe mkubwa, mama wa fulani, mimi nikaita "Mkwe". Ng'ambo ya kijito kuna ghala lenye ukuta mrefu wa mabati, na kila tulichoita ukuta ule ulikirudisha, umechelewa kidogo, na sauti si yetu sawasawa. Kisha kimya. Hapakuwa na upepo hata kidogo, lakini majani yalikuwa yanaanguka. Yalianguka moja moja, kama mtu juu anayachagua. Nilisikia kila moja likigusa ardhi.

Tukateremka. Wiki ile mvua ilikuwa imenyesha, maji yalikuwa ya rangi ya udongo na ukingo unateleza. Mkwe hana simu, Kiingereza hajui hata cha kuomba maji. Jua la majira yale huanguka upesi. Binti yangu alikuwa ameshika simu mkononi asiipige, nami nilijua kwa nini. Mumewe alikuwa kazini. Alimsubiri mama yake miaka na miaka mpaka akaruhusiwa kuja, sasa nani amwambie kwamba tumempoteza kwenye majani?

"Angekuwa karibu angejibu," muuguzi akasema. "Wacha nipige polisi."

Hapo ndipo akili ikanirudia. Kwetu, ukiwa porini ukasikia unaitwa na humwoni anayekuita, hujibu. Unanyamaza kabisa. Anayeita ndiye anayepaswa kujitaja kwanza, yeye nani na mtoto wa nani, kwa sababu aliyekufa anakumbuka majina ya wote isipokuwa lake. Na sisi, pamoja na ukuta ule, tulikuwa tumemwita kutoka pande zote mbili za maji, chini ya miti aliyoiona kuwa maiti.

Nikawaambia wote wanyamaze. Nikataja jina langu, kwa sauti. Nikataja la mama yangu, la baba yangu, na la mlima wetu.

"Nipo," Mkwe akasema.

Alikuwa nyuma ya mti ulio mbele yetu. Tungenyoosha mkono tungemgusa. Alikuwa amekaa chini, amejaza pembe ya kitenge mdomoni, majani yamemjaa mapajani na mabegani, hakuyapangusa. Mnavu alikuwa ameushika mkononi, umenyauka.

Binti yangu akaanza kulia. Mkwe hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Ninyi niliwasikia. Mama, Koko, Mkwe, sawa. Lakini yule wa ng'ambo aliyeniita kwa jina la utoto, ni nani?"

Jina lile alipewa na mama yake, na aliliacha kabla hajaolewa. Hapa Sydney nzima alijuaye ni mimi peke yangu. Hata mwanawe halijui.

"Aliita vizuri," akasema, "kama mtu anayeniita nije kula."

Nimewahi kumwona mtu aliyeamini kwamba ameitwa hivyo. Aliacha kula, akageukia ukuta, na hakukaa sana akafa. Kwa hiyo nilimjibu upesi.

"Ni mimi."

"Wewe? Unanitaja jina, Mkwe?"

"Niliogopa, adabu ikanitoka. Na ule ukuta wa mabati ndio ulioipeleka sauti ng'ambo."

Akanitazama sana. Kisha akatoa kitenge mdomoni, akacheka kidogo. "Umezeeka vibaya," akasema. "Nipe mkono."

Jioni ile aliupika mnavu, akala, akaongeza. Mpaka leo anakula. Siku hizi miti ikigeuka ananiambia twende tukaone maiti wako, na tunakwenda, ila hateremki kwenye maji.

Lakini mimi sikumbuki kufungua mdomo na jina lile. Binti yangu anasema nilikuwa ubavuni mwake muda wote na niliita Mkwe tu. Muuguzi anasema alisikia jina asilolijua, sauti ya mama mtu mzima, akadhani ni mimi niliyepata mahali pa kuvuka. Viatu vyangu vilikuwa vikavu. Mjukuu, nikimwuliza, anasema kwa Kiingereza hakumbuki, na anatoka chumbani.

Ninyi watatu mliokuwepo, na jamaa mtakaosoma ambao pengine mlisimuliwa kwa njia nyingine, kama nimekosea nisahihisheni. Kama nililiita kweli likaniponyoka, niambieni, nitashukuru mno. Ila mje mniambie mimi. Mkwe hasomi, na habari hii msimsomee.