Mama Povu na pindo la gauni

Jumatatu asubuhi. Ua wa nyuma wa nyumba ya ghorofa mbili bado una kivuli, na bomba linatoa maji kwa kusuasua ndani ya beseni la bati pana kama kitanda cha mtoto. Juu ya kamba yananing'inia magauni meupe yaliyogeuzwa ndani nje. Ukiyaona kwa haraka utadhani kundi la maharusi limekimbilia hapa kuwakwepa wageni.

Mwanamke aliyeinama kwenye beseni anachovya kiwiko majini, kama anayepima maji ya kumwogesha mtoto mchanga. Anatulia kidogo, kisha anaongeza kopo moja la maji baridi.

"Maji yakiwa moto, gundi ya shanga inaachia," anasema bila kuinua kichwa. "Bibi harusi mwingine anakuja Ijumaa kulivaa, anakuta kifua kina vipara."

Mtaani wanamwita Mama Povu. Ni dobi wa magauni ya harusi, kazi aliyoianza akiwa msichana wa kazi nyuma ya duka moja linalokodisha magauni, na sasa ana wajukuu. Watu wakifurahi Jumamosi, furaha yao inamfikia Jumatatu ikiwa na matope, keki na poda ya shingoni.

Wiki ya msimu huletewa hadi magauni tisa. Miezi mingine hata mawili hayatimii. Malipo ya gauni moja, anasema, yanatosha mkate, sukari na sabuni ya gauni linalofuata. Daktari alimwambia aupumzishe mgongo. Alimwuliza daktari kama mgongo wenyewe una mtu wa kuulisha.

Hajawahi kushika jarida la mitindo, lakini mitindo yote imepita mikononi mwake ikiwa imelowa. Alipoanza, maharusi walitaka mikono ya puto, iliyojaa begani kama mito. "Ile ilikuwa inakunywa maji," anasema. "Unakamua bega moja, unakaa chini, unapumzika, ndipo unalifuata la pili."

Ikaja mikia mirefu, gauni linamfuata mwenyewe nyuma kama mtu anayedai kitu. Zikaja sketi za kutandazwa na fremu ya waya, bibi harusi hapiti mlangoni mpaka aingie ubavu. Baadaye mikono ikaondolewa kabisa na mabega yakaachwa wazi, poda yote ikahamia kifuani. Kisha yakaja ya kubana mpaka magotini halafu yanafunguka kama mkia wa samaki. Hayo hurudi yamechanika, kwa sababu harusi bila kucheza haijawa harusi.

"Na sasa mikono ya puto inarudi," anadakia wifi yake, dada wa mumewe, anayesuuza shela pembeni. "Mgongo wake ndio haurudi."

Wifi huyu alikuja kumsaidia kwa mwezi mmoja. Ni miaka sasa, na mwezi huo haujaisha. Wanahitajiana: gauni lililolowa haliinuliwi kwa mabega, uzito wa maji unakata nyuzi. Hulipitishia shuka chini, mmoja huku na mwingine kule, wakalitoa taratibu kama wanambeba mgonjwa.

Lakini kabla ya yote hayo kuna pindo. Hapo ndipo Mama Povu huanzia, kwa brashi laini na sabuni ya kipande, akizunguka mduara wote wa chini inchi kwa inchi. Gauni lote linaweza kurudi safi, lakini pindo linaokota kila kilichoko sakafuni na njiani. Akikutana na mtu aliyevaa gauni refu, hata dukani, macho yake hushuka chini kwanza. Uso huuona baadaye.

Tabia hiyo ilimponza siku alipomwoza binti yake wa kwanza.

Ilikuwa imenyesha usiku kucha. Binti aliposhuka garini, Mama Povu aliona gauni jeupe likielekea kwenye matope, na mikono yake ikafanya inachokijua. Akainama, akalinyanyua pindo, akalifuata nyuma. Alilifuata mpaka ndani, mpaka kwenye meza ya keki, mpaka nje tena wakati wa picha. Watu walimwambia aache. Anasema aliwasikia vizuri kabisa.

Picha kubwa ya siku hiyo iko sebuleni kwake. Bibi harusi anacheka, bwana harusi amenyoosha tai, baba mzazi amesimama wima katika suti ya kuazima. Mama mzazi ni kilemba na mgongo, nyuma ya sketi. Mgeni mmoja aliwahi kumpa mumewe pole kwa kumlea mtoto bila mama.

"Mume wangu aliipokea ile pole," anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka. "Akashukuru kabisa." Kisha anarudi kwenye brashi, na kicheko kinakwisha. "Nilimlea mimi yule. Siku yake moja, nikawa dobi."

Jumamosi hii anaolewa binti wa pili, kitinda mimba. Wengine wanazungumzia ukumbi na chakula. Binti mwenyewe aliomba kitu kimoja tu, akiwa amesimama mbele ya ile picha.

"Mama, mara hii nataka uso wako."

Mama Povu alimkubalia. Usiku huo, anasimulia wifi yake, hakulala vizuri, maana anajijua.

Mwenye duka, kwa heshima ya miaka yote hiyo, alimwambia achukue bure gauni lolote. Wiki iliyopita walikwenda mama na mwana, binti akawa anajaribu moja baada ya jingine mbele ya kioo. Hakuna lililopita. La kwanza, mama alikumbuka lilivyomwagiwa mchuzi. La pili, aliyelivaa alilia mpaka wanja ukafika kiunoni. La tatu lilirudishwa safi kabisa, na hilo ndilo lililomtisha zaidi, kwa kuwa ndoa haikufungwa.

Binti alikaa chini kwenye kigoda akiwa na gauni la nne, amechoka. Alimwambia mama yake kwamba gauni lisilo na habari zake halipatikani pale. Yeye alitaka moja tu ambalo mama yake hatamfuata nalo nyuma.

Ndipo alipoliona kwenye rafu ya juu stoo: mikono ya puto, kitambaa kizito, limekunjwa ndani ya mfuko. Mama yake alilitambua kabla halijafunguliwa. Alikuwa akilifua enzi zile kitinda mimba huyohuyo akiwa mgongoni, na mtoto alikuwa akinyoosha mkono kulishika lile bega lililojaa. Mwenye duka alicheka, akasema hakuna aliyelikodi kwa miaka, wakae nalo moja kwa moja.

Tatizo, lina mkia mrefu kuliko yote.

Mchana huu, jua likiwa limefika kwenye beseni, binti anaingia uani na mfuko ule na mkasi aliouazima kwa fundi wa duka. Anaamkia, "Shikamoo mama, shikamoo shangazi," kisha anamkabidhi mama yake mkasi.

"Ukate wewe. Liishie juu ya vifundo vya miguu."

Mama Povu anaukausha mkono wake kwenye khanga, mmoja, halafu wa pili. Anaanza kupendekeza njia nyingine. Anasema angeweza kutandika shuka njiani. Anasema angeweza kutembea nyuma kidogo tu, kwenye ngazi peke yake. Binti anaingia ndani na mfuko, anarudi akiwa amelivaa gauni. Wifi anaipindua ndoo moja, anaiweka mbele yao.

Mwishowe anampandisha binti kwenye ndoo iliyopinduliwa, anapiga magoti, anaweka alama za chaki akizunguka mduara aliouzunguka maisha yake yote. Gauni linavuliwa, linatandazwa juu ya meza. Mkasi unaingia kwa shida, kisha unateleza. Sauti yake ni kavu na ndefu.

Utepe mpana wa kitambaa unaanguka sakafuni penye maji. Mama Povu anauokota upesi, mkono mwingine tayari umefika kwenye brashi.

"Lete hapa," anasema wifi, anamnyang'anya vyote viwili. "Hilo si lako tena."

Fundi wa duka atalipinda upya kesho. Mama Povu anasema hana mipango mikubwa. Angependa mtu wa kumnunulia mashine ya kukamulia, angependa mwezi mmoja bila kuinama, lakini hayo anayasema kama mtu anayetaja jamaa walio mbali. Anachokitaka kweli ni kiti. Jumamosi akae mbele, mikono mapajani, gauni lichafuke linavyotaka.

"Na Jumatatu wala silifui," anasema. "Wifi atalifua. Mimi nitalala."

"Atalala dirishani ananichungulia," anasema wifi.

Ukutani sebuleni, kando ya ile picha ya zamani, mumewe ameshapigilia msumari mpya. Hauna kitu bado.

Binti anaivuta ile ndoo iliyopinduliwa katikati ya ua na kumwomba mama yake aikalie. Kwanza Mama Povu anajikunja kwa mazoea, macho chini. Kisha anaunyoosha mgongo polepole, uso umekunjamana kwa maumivu, mpaka anatulia.

"Hivi?" anauliza.

"Inua kidevu kidogo, mama."

Anakiinua.