Nilivyochoma Mbegu ya Muhogo

Nilikuwa na hamu ya korosho, basi. Sina sababu nyingine ya kujitetea.

Kwetu Chiwata muhogo hautupwi. Mizizi tunakula, majani tunatwanga kisamvu, miti yake ikikauka tunawashia jiko. Ila miti iliyochaguliwa hufungwa fungu na kuegemezwa kivulini kungoja mvua, kwa sababu hiyo ndiyo mbegu. Mke wangu alikuwa amebakiwa na fungu moja la muhogo wa marehemu mama yake, mtamu, ukichemka unapasuka wenyewe chunguni.

Mimi nilimaliza kidato cha nne nikashinda ofisini Masasi hadi kustaafu, shamba nikamwachia yeye. Jioni ile nikaona vijiti vimeegemea mkorosho, nikavivunja nichomee korosho. Vilikataa kuwaka. Nikavipuliza kwa bidii mpaka vikakubali.

Kesho yake mke wangu akakuta kivuli kitupu. Akasema ni mbuzi wa jirani, nami nikanyamaza. Hadi leo kunyamaza huko kunaniuma kuliko moto wenyewe. Alipojifunga kanga kiunoni aende kwa jirani, ndipo nikasema. Hakufoka. Alikaa kizingitini.

"Baba, umechoma mbegu ya mama."

Asubuhi nikapanda bodaboda hadi Mkunya kwa mdogo wake, ambaye zamani aligawiwa mbegu ile. Nilimkuta na wenzake wakimenya muhogo, akataka nieleze shida yangu mbele yao. Walicheka hadi wakaweka visu chini.

"Shemeji, huko sekondari hamkufundishwa kutofautisha kuni na chakula?"

"Tulifundishwa. Siku hiyo sikwenda."

Akanikatia fungu zuri, lakini kwa sharti: nilibebe kichwani hadi stendi, na kila atakayeniuliza nimwambie ukweli. Mkunya wanapenda kuuliza. Nilipofika stendi nilikuwa naisimulia habari ile vizuri, na mimi mwenyewe nacheka.

Mvua ikaja. Nilichimba matuta, mke wangu akakata pingili. Kila nilipogusa panga alilisogeza mbali nami. Zilipochipua aliniita, akanionyesha moja baada ya nyingine, kama anayemtambulisha mgeni kwa wanawe.

Msimu uliofuata aligawa mbegu kwa nyumba tano za jirani. Sababu naijua. Nilibeba mafungu.