Chumba Alichomchorea Dada Yake

Ofisini walimwita Rula. Jina lilianza kama utani, kwa kuwa hakuonekana popote bila rula fupi ya chuma mfukoni mwa shati, hata harusini. Baada ya miaka ishirini na sita ya kuchora ramani za nyumba, jina lilikuwa limemganda hadi wateja wakadhani ndilo alilopewa na wazazi wake. Alikuwa hodari kwelikweli. Ukimpa kiwanja chenye kona mbovu anakurudishia nyumba iliyokaa sawa kama shati lililopigwa pasi. Sifa yake kubwa ilikuwa vyumba vya wageni. Wenye nyumba wapya walimfuata wakisema, "Tuchoree chumba cha mgeni kama kile cha fulani, chenye choo na bafu ndani."

Kwake mwenyewe chumba hicho hakikuwapo. Mgeni wa Rula alilala kwenye kochi la sebuleni, akaamka watoto wanapopita kwenda shule, kisha akasimama kwenye foleni ya bafu moja la nyumba nzima. Rula aliliona hilo bila kulitilia maanani, mpaka asubuhi moja aliyemwona kwenye foleni alikuwa dada yake mkubwa, taulo begani, nyuma ya watoto wawili na mfanyakazi mwenzake Rula wa zamani aliyekuja kuomba barua ya utambulisho.

Dada huyu ndiye aliyemlea. Wazazi walipofariki, Rula alikuwa na miaka saba na dada kumi na tisa. Dada alipata kazi ya upishi katika jiko la shule, akanyanyua masufuria ya watu mia tatu kwa miaka thelathini, na kila mchumba aliyekuja alimwambia asubiri kwanza huyu mdogo amalize masomo. Wachumba hawakusubiri. Asubuhi ile Rula alimwona amejiegemeza ukutani, anatabasamu, anawaachia watoto watangulie ili wasichelewe. Aliona aibu hata chai ikamshinda. Dada alipoondoka, akamwambia mkewe, "Akija tena, hatalala kwenye kochi."

Akachora. Jioni baada ya jioni meza ya chakula ikawa yake, watoto wakahamia jikoni na sahani zao. Chumba kingeongezwa nyuma ya nyumba, palipokuwa na stoo. Na tumpe haki yake: aliwaza mengi mazuri. Kitanda alikiweka mahali ambapo mlango ukifunguliwa anayelala haonekani. Dirisha alilielekeza upande wa jua la asubuhi. Swichi ya taa aliiweka pale mkono unapofika bila mtu kuinuka. Pembeni akachora ubao mpana wa kuwekea sanduku, mgeni asije akainama sakafuni kutafuta nguo, na kando yake misumari ya kutundikia.

Kwenye bafu ndipo alipojipiga kifua. Alitaka hodhi jeupe la kuogea, lenye kingo ndefu, kama alilowahi kuliona katika hoteli moja ya kikazi. Fundi bomba alimwambia kwamba wakilipitisha bomba la maji machafu kando ya ukuta, sakafu ya bafu italingana na ya chumba. Rula akakataa. Choo kingetazamana na mlango, na yeye alitaka mtu akifungua aone hodhi kwanza. Kwa hiyo bomba likapita juu ya sakafu, na sakafu ikainuliwa kulifunika. Kuingia bafuni kukahitaji kupanda ngazi moja ya sentimita ishirini.

"Umemuuliza wifi anapenda kuoga vipi?" mkewe akamwuliza siku moja, akiangalia ramani.

"Nilikuwa nachora vyumba vya wageni kabla sijakuoa. Leo nianze kuuliza watu jinsi ya kuoga?"

Mkewe akachukua sahani zake.

Dada alifika chumba kikiwa bado kinanukia rangi. Rula alimtembeza kama anayemtembeza mteja, akiwasha na kuzima taa, akifungua kabati na kulifunga. Dada alitembea taratibu, mkono mmoja ukigusa kitanda, kisha ubao, kisha ukuta.

"Mdogo wangu! Umenijengea hoteli."

Rula akavimba. Dada akachungulia bafuni, akalitazama lile hodhi kwa muda. "Na humu mtu anaingiaje?"

"Unanyanyua mguu tu, Dada."

"Ahaa," dada akasema, akacheka kidogo. Rula naye akacheka, akadhani wanafurahia kitu kimoja.

Siku ya tano mkewe alimwambia jambo. Alipoingia kufagia alikuta hodhi kavu, mataulo yamekunjwa vilevile alivyoyakunja yeye, na sabuni bado imo kwenye karatasi yake. Badala ya kujiuliza, Rula alinuna. Miezi mitatu ya kuchora, na mgeni hataki hata kulowesha kitambaa! Lakini Jumamosi mchana aliwaalika bosi wake na wenzake wawili waje kukiona chumba, maana alikuwa amekisifu ofisini mpaka wakachoka. Dada akasema atakaa jikoni na wifi yake, waandae chai.

Wageni walisifu dirisha, wakasifu swichi. Bosi akaingia bafuni, akaiokota ile sabuni na kuigeuzageuza kwenye karatasi yake.

"Rula, huyu mgeni wako haogi?"

Wakacheka. Rula alihisi uso unamwaka, na mtu akiwaka uso mdomo unamtangulia.

"Dada yangu ni mtu wa ndoo na kopo," akasema. "Hata umwekee dhahabu, atatafuta bati. Ndiyo shida ya watu wasiozoea."

Wakacheka tena, kwa nguvu zaidi. Aliyekuwa karibu na mlango akanyamaza ghafla na kusogea pembeni. Dada alikuwa amesimama pale na sinia la chai. Akaingia, akaliweka juu ya ubao wa sanduku, akamkabidhi kila mmoja kikombe chake, bosi kwanza kisha wengine, akauliza nani ameongezewa sukari na nani bado. Rula alikunywa chai yake ya moto kwa mikupuo, ikamchoma ulimi, akashukuru kwamba amepata sababu ya kutosema.

Huenda hakusikia, alijiambia siku nzima. Na Jumapili nzima.

Jumatatu alisahau ramani fulani nyumbani, akarudi kuichukua saa nne asubuhi. Alipokata kona ya mtaa wao akamwona dada yake anatoka kwenye geti la jirani, nywele zimelowa, taulo mabegani, kikopo cha sabuni mkononi. Jirani huyo, mama mshonaji, alikuwa amemshika kiwiko. Mbele ya duka la pembeni walikaa wanawake watatu, na Rula akaona wanavyomtazama yeye, si dada. Si macho ya watu wanaoona jambo geni. Walikuwa wameshazoea.

"Shemeji, usikasirike," mama mshonaji akasema kabla hajaulizwa. "Tangu siku ya pili anakuja kuoga kwangu. Lile la watoto wenu ni jembamba, kigoda hakienei. Bafu langu halina lolote, sakafu tu na kigoda. Lakini anaingia, anakaa, anaoga, anatoka."

"Kwani kwangu kuna nini?"

"Mwulize mwenyewe. Mimi niliuona ule mguu tu."

"Mguu gani?"

Dada alikuwa ameshapita, anashika ukuta wa nyumba yao, anaelekea ndani. Rula akamfuata mpaka chumbani na kurudia swali lilelile. Dada akaketi kitandani, akapandisha gauni kidogo juu ya goti. Kuanzia hapo kwenda juu, mguu wote ulikuwa umevilia damu, rangi ya zambarau iliyoanza kugeuka manjano pembeni.

"Siku ya kwanza," dada akasema. "Nilinyanyua mguu kama ulivyosema. Mmoja ukaingia, wa pili ukakataa. Nyonga hii haifiki huko siku hizi. Nikaangukia ukingo wa hodhi, nikaishia sakafuni."

"Mbona hukuita?"

"Niliita. Mkeo alikuwa na redio. Halafu nikawaza, hata akija, mlango wako unafungukia ndani na mimi nimelala nyuma yake. Ataufunguaje? Nikakaa pale mpaka nyimbo tatu nne zikaisha, nikajivuta."

Rula alitafuta pa kuweka macho, asipaone. Kila alipotazama palikuwa na kitu alichokichora yeye.

"Ungeniambia, Dada."

"Ulikuwa umefurahi mno."

Yeye na mkewe wakampeleka zahanati siku hiyohiyo. Daktari alisema hakuna mfupa uliovunjika, ila nyonga imelika, na imelika kwa muda mrefu. "Ameanza lini kutembea kwa kushika kuta?" akauliza. Rula akageuka kumtazama mkewe. Alikuwa anajua kwa sentimita umbali wa kitanda hadi dirisha, na hili hakulijua. Mkewe ndiye aliyejibu, kwamba wifi alianza kabla ya ziara iliyopita, ile ya kochi.

Jioni hiyo Rula aliweka kiti katikati ya sebule. "Dada, naomba unionyeshe unavyoinuka."

"Nikuonyeshe mbele ya watoto?"

Watoto wakatolewa. Dada akakaa, akainuka. Mkono wake wa kushoto ulitangulia hewani kutafuta pa kushika, na Rula akapiga magoti kupima mkono umefika wapi. Akapima urefu wa goti. Akapima hatua yake, na kimo ambacho mguu wake uliweza kunyanyuka bila maumivu. Kilikuwa upana wa vidole viwili. Katika kazi yake yote hakuwahi kumwomba mtu ainuke kwenye kiti mbele yake. Vipimo alivitoa kitabuni, na mtu wa kwenye kitabu hakuwa na nyonga.

Fundi bomba alirudi. Hodhi likang'olewa na kutolewa kwa mlango wa mbele, maana nyuma halikupita, watu wanne wakilibeba mchana kweupe na mtaa wote ukitazama.

"Bosi," fundi akamwambia Rula akihema, "si ndilo hili uliloniambia nikilikwaruza utanikata kichwa?"

"Ndilo."

"Sasa nilikwaruze?"

"Likwaruze tu, fundi."

Wakachimba upya na kulipitisha bomba kando ya ukuta, kama fundi alivyosema tangu mwanzo. Ngazi ikaondoka. Sakafu ikapewa mteremko mdogo kuelekea tundu la maji, na vigae laini vikabadilishwa kwa vile vya kukwaruza visivyoteleza. Mlango ukageuzwa ufungukie nje. Ukutani kikawekwa kiti imara chini ya bomba la mvua, na vyuma viwili vya kushika, kimoja kushoto kwake pale mkono ulipofika, kingine kando ya choo.

Kazi ilichukua siku kumi na mbili. Kila asubuhi ya siku hizo Rula alibeba ndoo ya maji moto mkono mmoja, mkono wa pili akamshika dada, wakavuka kwenda kwa mama mshonaji, wakipita mbele ya duka.

"Rula, leo umekuwa mbeba maji?" mwenye duka akamwuliza siku ya kwanza.

"Tunarekebisha bomba kidogo," Rula akajibu. Dada akamtazama kwa chini. Hatua zilizobaki zilikuwa ndefu.

Siku ya pili swali lilirudi. Rula akasimama, maji yakamruka viatuni. "Bafu nililochora mimi halimfai dada yangu," akasema. Mwenye duka akakosa utani wa kuongeza, akajishughulisha na mikate.

Ndani ya siku hizo alipita kwa mzee mmoja mstaafu, mteja wake wa zamani, aliyemchorea hodhi kama lilelile. Mzee alimpokea kwa furaha na kumwonyesha. Hodhi lilikuwa limejaa mablanketi na katoni la redio. "Zuri sana, linatunza vitu," mzee akasema bila kejeli yoyote. Yeye na mkewe walikuwa wakiogea kwenye beseni, jikoni. Rula aliomba kuwachorea upya, kisha akaenda nyumba nyingine aliyoichora, na nyingine tena. Si kote alikopokelewa kwa furaha.

Bafu lilipokamilika, dada aliingia na kufunga mlango. Rula akasimama nje, sikio karibu na mbao, mpaka mkewe akamvuta mkono. "Toka hapo! Mtu anaoga." Maji yalisikika muda mrefu. Dada alipotoka alisema tu kwamba kiti kingesogea kidogo kulia kingekuwa bora, na fundi akakisogeza kesho yake.

Bado lilibaki lile jambo la Jumamosi. Rula alilizunguka kwa siku mbili, akizungumzia mapazia, akizungumzia taa. Mwishowe, dada akiwa anakunja nguo, akalisema.

"Dada, siku ile wale watu walipokuja. Yale maneno."

"Niliyasikia. Nilikuwa na sinia mkononi, ningekimbilia wapi?"

"Nisamehe."

Dada akakunja blauzi, akaikunjua, akaikunja tena. "Nimekusamehe mengi tangu una miaka saba, na hili litaingia humohumo. Lakini kuanguka kuliniuma siku chache. Lile neno bado linaniuma. Watu wale hata jina langu hawalijui, wanajua tu kwamba sijui kuoga."

Rula akaketi sakafuni, akaanza kumkunjia nguo zilizobaki.

Asubuhi iliyofuata ofisini, wenzake walipokuwa wanavuta viti, Rula alisimama mbele ya meza yake akawaambia. Aliwaambia kuhusu ngazi, mlango, mguu wa zambarau na bafu la mama mshonaji. Kisha akasema kwamba alichokisema kuhusu dada yake kilikuwa uongo wa mtu aliyeumbuka, na kwamba dada huyo ndiye aliyemsomesha hadi akashika kalamu. Mmoja wa wenzake akakohoa. Bosi akaangalia karatasi zake kwa muda, kisha akauliza kama ramani ya ghorofa mbili itakuwa tayari Alhamisi.

"Itakuwa tayari," Rula akasema. Akaketi, masikio yanamwaka, akavuta karatasi.

Dada alikaa mpaka mwisho wa mwezi, na miezi minne baadaye akaja tena bila kualikwa.