Chupa ya Virusi na Jani la Isale

Mtu akiniuliza kama nimesahau, nacheka. Nisahau vipi? Shamba lenyewe nalipita kila asubuhi nikienda kukatia ng'ombe majani.

Lilikuwa la wifi yangu, dada wa mume wangu. Ndoa ilimshinda huko Rau, akarudi nyumbani na begi moja, na kaka zake wakamkatia kipande chini ya kihamba chetu, shamba la ukoo. Walimpa kwa sharti: alime nyanya, na likimshinda linarudi kwao. Mume wangu alikuwa mmoja wao. Sharti hilo liliniuma moyo, maana wifi yule nilimpenda. Alikuwa na utani huyo, utavunjika mbavu!

Msimu mmoja nyanya zangu zilianza kunyauka majani yakiwa bado mabichi. Akaja binti mtafiti kutoka mjini, akaniamkia shikamoo, akakata shina na kulitumbukiza kwenye glasi ya maji. Ukatoka uzi mweupe kama maziwa. "Hao ni bakteria, mama," akasema. Alichukua udongo wangu, na baada ya wiki kadhaa akaniletea chupa ya maji yenye virusi. Virusi hivyo, alisema, havina habari na mtu, ng'ombe wala nyanya. Chakula chao ni bakteria huyo tu.

Wifi aliposikia akashika kiuno. "Virusi? Wifi, korona haikukutosha?" Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Binti alinipa maagizo mawili: nimwagie jioni, kwa kuwa jua kali huviua, na miche iliyonyauka niing'oe niichome moto. La kwanza nililishika kama amri ya Mungu. La pili, jamani, mvua ilikuwa siku ya nne inanyesha, hata kuni za jikoni zilikataa kushika moto. Na mama yangu alinilea hivi: kilichooza, yape maji yakiondoe. Nikaikusanya ile miche, nikaitupa kwenye mfongo, mfereji wetu wa kumwagilia, nikaitazama ikienda zake. Nikanawa na mikono! Msomi wa chupa, mimi.

Mfongo ukitoka kwetu unaingia shambani kwa wifi.

Nyanya zangu zilizobaki zilisimama. Zake zikaanza kulala, mstari wa karibu na maji kwanza, kisha wa pili, kisha zote. Nilikimbia na chupa iliyobaki, nikamwagia jioni tatu mfululizo. Binti alipokuja aliutazama mfongo, akaniuliza miche niliipeleka wapi. Nikamwambia. Hakunigombeza, na hilo liliniumiza zaidi.

"Mama, virusi hivi hulinda mzizi mapema," akasema. "Mche ulioshazibwa ndani na bakteria hauamki tena. Na udongo huu utakaa na ugonjwa miaka."

Kaka zake wifi wakakaa kikao nyumbani kwangu, wakanywa mbege niliyoipika mwenyewe. Niliwaambia kosa ni langu, si lake. Mume wangu akasema, "Nani amekuuliza?" Yesu na Maria, hasira iliyonipanda! Nilimwaga kata nzima ya mbege chini, mbele yao. Haikusaidia kitu. Shamba likarudi kwao.

Kesho yake nilikata jani la isale, nikalifunga fundo, nikampelekea wifi. Kwetu anayeletewa isale hakatai kusamehe, wala halitaji tena kosa, hata liwe kubwa namna gani. Nilimkuta anafunga begi lilelile. Alilipokea lile jani kwa mikono miwili. "Nimesamehe, wifi," akasema, kisha akanigeuzia mgongo na kuendelea kukunja kanga zake.

Sasa yuko Pasua, anauza vitumbua. Nikienda hunipokea vizuri, hunipa kiti, huniuliza hali ya watoto. Hanitanii tena. Heri angenitukana mbele ya wateja wake, nikajua tumemalizana. Lakini alishapokea isale, hawezi tena kusema neno, na mimi ndiye niliyemziba mdomo.