Wenyeji Wakishangilia

Siku za ukoloni, duka moja la Mhindi pale Tororo liliuza kadi za picha za mji wetu. Barabara kuu ilikuwamo, imefagiwa hadi haina hata mbuzi mmoja, na Tororo isiyo na mbuzi mimi sijawahi kuiona. Kadi nyingine ilionyesha daraja la Mto Malaba siku lilipofunguliwa. Chini yake paliandikwa "Wenyeji wakishangilia." Hiyo ndiyo niliyoinunua, maana niliambiwa mama yangu yumo.

Mama alifariki kabla sijaanza kutembea. Sura yake sikuijua, na picha nyingine hakuacha. Nikapanda lori kurudi Busia kwa mama mdogo, aliyenilea, ili anionyeshe ni yupi.

Njia nzima niliwatazama hao washangiliaji. Nyuso zimekunjamana, utadhani wamelishwa shubiri. Mwanamke mmoja alikuwa ameipa kamera mgongo kabisa, na mtoto aliyembeba analia mdomo wazi.

Mama mdogo akaweka kidole hapohapo. "Huyu mama yako. Huyu nalia ni wewe."

Kumbe mama alikuwa akiwakaangia mihogo mafundi waliojenga daraja. Siku ya sherehe askari wakawafukuza wachuuzi wote, daraja lionekane la mji wenye heshima zake, na karai la mama likapigwa teke, mafuta yakamwagika. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Nadhani hawakuwahi kukaanga mihogo pale. Kisha mpiga picha akanung'unika kwamba daraja halina watu wa kulishukuru. Basi waliofukuzwa wakaitwa tena, wakapangwa mstari, wakaamriwa kufurahi.

"Askari nasema cheka, yeye nageuka," mama mdogo akasema. "Mafuta yako namwagika, utacheka nini?"

Tulicheka sisi, kwa niaba yake, mpaka machozi. Nilimwonea fahari, wallahi. Halafu hasira ikanipanda, kwa sababu bwana mkubwa aliyefungua daraja alinyimwa uso wa mama yangu, na mimi nikanyimwa pamoja naye.

Mama mdogo alipokwenda jikoni, nikaigeuza kadi, mtu mzima na akili zangu, nimtazame kwa mbele. Nyuma palikuwa peupe, ila pembeni pamechorwa kisanduku cha kubandikia stempu yenye uso wa malkia.